Magamba Mdakaji na Kura za Ndege

Paukwa!
Pakawa!
Likarushwa!
Likadakwa!
Nani alidaka?
Tuambie wewe!

Haya, sogeeni. Hapo kale, wanyama wa bonde moja walicheza besiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbia kuuzunguka uwanja. Mpira wao ulikuwa kwakwa, lile tunda gumu la mviringo. Tumbili alirusha, mpinzani akasubiri na gongo. Nyuma ya gongo, amechuchumaa juani tangu asubuhi, alikaa mdakaji: mnyama mpole mwenye magamba mwili mzima. Siku hizo aliitwa Magamba tu.

Alidaka kwa mikono. Alidaka kwa kifua. Likimponyoka, alijitupa akalizuia kwa shavu. Magoti yalimwuma, wala hakulalamika.

Kila baada ya mavuno, ndege walipiga kura kumchagua mchezaji bora, naye akavishwa taji la maua. Mwaka wa kwanza wakamchagua Nyani, mpigaji. Mwaka wa pili, Nyani. Mwaka wa tatu, Nyani!

Nungunungu akasimama. Yeye ndiye aliyehesabu mizunguko ya uwanja. Kila mchezaji alipoleta mzunguko au kumzuia mpinzani asizunguke, alimchomekea mwiba ardhini.

"Waheshimiwa, hesabuni miiba hii. Nyani ametuletea mizunguko thelathini. Magamba amezuia hamsini. Nani zaidi?"

Tai, mkuu wa wapiga kura, akajibu kutoka juu ya mti: "Nyani akipiga, kwakwa linapaa mpaka hapa tulipo. Tunaliona! Huyo mwenzako anafanya nini? Amechuchumaa tu."

"Amechuchumaa tu!" wakaitikia ndege.

Magamba akainuka. Miaka mitatu! Akapaza sauti kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Nimechuchumaa tu? Kifua hiki kimevimba kwa kuchuchumaa tu? Shuka, Mzee Tai! Shukeni nyote! Kaeni nyuma yangu mechi moja, kisha pigeni kura upya."

Ndege wakacheka hadi matawi yakatikisika. Wakashuka wawili tu, Kanga na Kwale.

Mechi ikaanza. Tumbili akarusha: pu! Magamba akadaka. Akarusha tena, kwakwa likapinda: pu! Akadaka. Mara ya tatu likagonga chini, likaruka moja kwa moja kuelekea shingo ya Kanga. Magamba akajitupa: kacha! Gamba la bega likavunjika. Hata hajainuka, akaliokota kwakwa na kulituma upande wa pili, akamnasa mpinzani aliyekuwa akikimbia kinyemela kuiba mzunguko.

"Lo!" Kanga akamaka. "Kumbe hivi ndivyo ilivyo huku?"

Kura zikapigwa upya. Magamba, mbili. Nyani, zote zilizobaki!

"Lakini usinune," Tai akasema. "Tumekutengenezea kitaji kidogo, cha wadakaji peke yao."

Magamba akakitupa kitaji vumbini.

"Mchezo ni mmoja, na taji ni moja. Hicho ni cha kuninyamazisha. Mvisheni asiyejua kuhesabu!"

Akageuka, akaondoka. Kanga akamkimbilia akilia: "Kaka, kuona tumeona! Kaka, kuona tumeona!"

"Mmeona wawili, ndugu yangu. Walioamua hawakutazama."

Akaingia shimoni, akajikunja.

Mechi iliyofuata, Nyani mwenyewe akawekwa kudaka. La kwanza likampita. La pili likampita. La tatu likamng'oa jino, akakimbia. Wapinzani wakazunguka uwanja mpaka wakachoka wenyewe. Wanyama wakaenda shimoni kumbembeleza Magamba, wakakuta patupu.

Tangu hapo mnyama yule anaitwa Kakakuona, na kumwona ni bahati. Kanga na Kwale nao walikataa kurudi kukaa na wenzao. Mpaka leo wanatembea chini.

Basi, wewe uliyepewa kura, shuka kwanza ukatazame kazi inakofanyikia.

Nimerusha, mmedaka, ngano imekwisha. Asiyeipenda apige kura, ila yule anayekoroma pale, yake haihesabiwi.