Fundi Viatu Aliyeikataa Gundi

Mtu mmoja alikuwa na kibanda cha kushona viatu karibu na soko. Aliitwa Eliamani, na sifa yake ilikuwa gundi. Mteja akiuliza kama soli itadumu, aliigonga kwa kidole gumba na kusema, "Imeshika hiyo, nenda zako." Watu walikwenda zao, na soli zilidumu.

Kichocho alichokipata utotoni kwenye majaruba ya mpunga kilikuwa kimemharibu ini polepole. Damu ilipokosa njia ya kupita kwenye ini ikarudi nyuma, ikaivimbisha mishipa ya tumbo, na siku moja mshipa ukapasuka. Eliamani akatapika damu. Mkewe, Nakijwa, akashika beseni.

Hospitalini, damu ilipotulia kidogo, daktari aliwaeleza bila kuficha. Kuna sindano za namna mbili, na zote hupitishwa kwenye mpira mwembamba unaoingizwa mdomoni. Ya kwanza ni dawa inayouchoma mshipa mpaka unyauke, ila kwa mishipa ya tumbo damu hurudi mara nyingi. Ya pili ni gundi, inayoganda ikikutana na damu na kuziba palepale. Nayo ina hatari zake, kwa kuwa kipande kinaweza kuponyoka kikaenda mapafuni, lakini yeye daktari angechagua hiyo.

Eliamani akakunja uso. Atiwe gundi, yeye! Wenzake sokoni wangemwita kandambili mpaka kaburini. Dawa ni dawa, alisema, na gundi ni ya viatu. Nakijwa alitaka kubisha, lakini hakuwa amelala usiku kucha, akamwachia. Mumewe akachomwa ile dawa, wakarudi nyumbani.

Damu ikarudi. Wakaituliza kwa dawa ileile, nayo ikarudi tena. Nakijwa akajifunza kulala ameketi, beseni likiwa mapajani. Alimpenda mumewe, na zilikuwapo nyakati alimchukia, kisha akajichukia mwenyewe kwa kumchukia. Majirani walikuja kumsifu kwa uvumilivu, halafu wakaenda makwao kulala. Uvumilivu wenyewe ulikuwa umekwisha zamani, ilibaki mikono tu.

Walipofika hospitalini kwa mara ya mwisho, daktari aliuliza atumie ipi. Eliamani, midomo imempauka, alifungua kinywa aseme dawa. Nakijwa akaliweka beseni sakafuni.

"Baba Elisifa, miaka yote umewaambia watu gundi imeshika, waende zao. Ulikuwa unawadanganya?"

Fundi alimtazama mkewe, kisha akalitazama beseni. Akamgeukia daktari, akaitikia kwa kichwa: gundi.

Gundi ikaingia, mshipa ukaziba, na damu haikurudi. Alipopata nguvu ya kusema alimwita Nakijwa, amwambie kwamba imeshika. Hakuitikiwa. Akajikokota hadi mlangoni, akamwona amelala fofofo kwenye benchi la nje, kichwa kimeegemea ukuta, mikono bado imekunjwa mapajani kana kwamba imeshika kitu. Nywele zake zilikuwa zimejaa mvi. Eliamani hakujua zimeanza lini, na hapo ndipo alipolia.

Basi wewe unayekikataa cha kukuponya kwa sababu jina lake linakuaibisha, beseni lako linashikwa na nani?