Bluzi ya Nyenje na Vidole vya Fisi

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Nyenje ana nini?"
"Gitaa!"
"Na Fisi ana nini?"
"Njaa!"
"Basi nyamazeni, msije mkaliwa ninyi."

Hapo kale, masika moja, Nyenje alikuwa hana pa kulala. Mama Kanga akamfunika kwa bawa lake mpaka mvua zikakatika, wala hakumuuliza ataondoka lini. Wanasema shukrani ya punda ni mateke. Nyenje hakuwa punda. Kila asubuhi alimshukuru Mama Kanga, na bado akaona hajashukuru vya kutosha.

Siku moja, mchana kweupe, akasikia kwaa, kwaa! Fisi kamkandamiza Mama Kanga kwa mguu.

Nyenje akachukua gitaa. "Shikamoo, Mzee Fisi. Niruhusu nimuage mama yangu kwa bluzi, wimbo wa huzuni."

Fisi akakunja uso. Mila ya mwituni aliijua: anayeimbiwa wimbo wa kuaga haliwi mpaka wimbo uishie nyumbani. Anayevunja mila hung'oka meno.

"Marahaba. Bluzi naijua," akasema. "Nyumbani hatua nne, kwa jirani mbili, nyumbani mbili, kilimani moja, kwa jirani moja, nyumbani mbili. Jumla kumi na mbili. Nina vidole vinne kila mguu. Miguu mitatu itahesabu, wa nne utamshikilia huyu."

Hatua ni kipande kimoja cha wimbo. Nyumbani ni sauti ambayo wimbo huanzia na kupumzikia. Kwa jirani ni juu kidogo. Kilimani ndiko kunakokutia hamu ya kurudi.

Nyenje akapiga. Tingitini, hatua ya kwanza, nyumbani. Tingitini, ya pili, akaenda kwa jirani.

"Mbona mapema?"

"Siku nyingine chumvi huisha mapema, mzee. Hatua ya tatu narudi nyumbani. Hesabu ni ile ile."

Fisi akakunja kidole. Tingitini, kwa jirani. Tingitini, nyumbani. Tingitini, kilimani, kwa jirani, nyumbani. Hatua ya kumi na moja hiyo. Udenda ukamdondoka Fisi, cho, cho. Nyenje alibakiwa na ujanja mmoja tu. Hatua ya kumi na mbili hakukaa nyumbani. Alipanda kilimani.

"Umekosea," akasema Fisi, kinywa wazi.

"Sijakosea. Ndivyo wazee wanavyougeuza wimbo uanze upya. Je, wimbo umeishia nyumbani?"

"Bado."

"Basi hesabu, mzee. Hatua ya kumi na tatu."

Fisi akatazama vidole. Vimekwisha. Akafikiri, akafikiri, akainua mguu wa nne ahesabie.

Pururuu! Mama Kanga huyo, juu ya mgunga. Fisi akabaki na vidole kumi na sita na njaa yake.

"Asante, mwanangu," akasema Mama Kanga, akitweta.

"Asante ni yako, mama," akajibu Nyenje kutoka shimo alilokimbilia, huku gitaa likiendelea.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Mwenye masikio aondoke nayo, mwenye njaa akapike. Na funzo lake, wanangu, ni hili: ukianza jambo, limalize. Nyenje wimbo ule hajaumaliza mpaka leo, na Mama Kanga anamshukuru Mungu kila siku.