Zimwi Lililodai Nyumba ya Malenggang

Mnaosinzia, nisikilizeni kidogo. Malenggang alikuwa akirudi kwao, milima ya Minangkabau, miguu imevimba kwa miaka ya kutangatanga ugenini. Njiani zimwi likamzuia.

"Nipe nyumba yako nihamie, nikubebe."

"Sitaki." Akatembea, akaanguka. Likamwomba tena, akakataa, akatambaa. Mara ya tatu akasema, "Haya, ichukue."

Likambeba hadi mlangoni, likadai nyumba. Mama yake akacheka. "We zimwi, kwetu nyumba ni ya mama na binti zake! Huyu amekaa ugenini mpaka kasahau."

"Basi chake ni kipi?"

"Mwanamume wa huku? Chake ni safari tu."

Zimwi likamnyang'anya safari, likaondoka. Mpaka leo linatembea. Malenggang akajinyoosha mkekani, akalala. Nami naishia hapo alipolala.