Aliyepima Kiwanja Wakati wa Kiangazi

Kulikuwa na mji mdogo milimani, wenye mvua nyingi na ardhi isiyo tambarare, na katika mji ule palikuwa na kiwanja kimoja tu ambacho hakikuwa cha mtu. Kilikuwa kati ya soko na zahanati. Upande wake wa juu watu walipita na mizigo. Upande wa chini palikuwa na shimo pana lenye matete na vyura. Wakati wa masika shimo lile lilijaa maji yaliyotoka kwenye mapaa na barabarani, na wakati wa kiangazi lilibaki tope lililopasuka na mifuko ya plastiki. Hakuna aliyekumbuka nani alilichimba, wala kama lilichimbwa. Wenyeji walipokuwa na mgeni walilipita upesi, kama unavyompitisha mtu mbele ya chumba ambacho hakijafagiliwa.

Halmashauri ya mji ikaamua kwamba kiwanja kitengenezwe kiwe mahali pa watu kupumzika. Ikamwita Ambakisye. Huyu alikuwa mzaliwa wa mji ule, aliyesomea mbali kazi ya kusanifu bustani na viwanja, na alikuwa ametengeneza bustani za mahoteli katika miji mikubwa. Nataka mfahamu tangu sasa kwamba hakuwa mtu mbaya. Alikubali kwa furaha, kwa sababu mama yake alimzaa katika zahanati ile, na alitamani wagonjwa wanaongoja zamu yao wapate kivuli.

Alikuja mwezi wa tisa, akakaa siku kumi na moja. Alipima kwa kamba na vigingi. Aliuliza watu, tena kwa adabu. Alimuuliza mwenyekiti wa halmashauri, akawauliza wauzaji wa sokoni, akamuuliza muuguzi wa zahanati. Wote walimwambia jambo moja: lile shimo linatutia aibu, tuondolee. Chini ya shimo, kwenye mteremko mkali, aliona paa la bati la nyumba moja lenye mawe juu yake, ili upepo usilichukue. Alikusudia kuteremka na kuzungumza na wenyewe. Lakini njia ilikuwa ya utelezi hata katika kiangazi, na siku zilikuwa zimekwisha.

Kazi ikafanyika. Shimo lilifukiwa kwa kifusi likashindiliwa. Kiwanja kizima kikatandazwa matofali ya saruji, yaliyopangwa kwa ustadi hata usipate mahali pa kupenyeza kijiti. Pakawekwa mabenchi ya mbao, kibanda cha kupumzikia, na vitanda vya maua vilivyozungushiwa kingo, na kandokando ukuta mfupi wa mawe wa kukalia. Siku ya kufungua, watu walivua viatu kabla ya kukanyaga. Wagonjwa walikaa kivulini. Maharusi walianza kuja kupiga picha. Watu wa wilaya nyingine walikuja kutazama, na kila aliyetazama aliuliza jina la aliyekisanifu.

Katika ile nyumba ya chini aliishi mama mmoja, Tupokigwe, pamoja na mumewe, Mzee Asajile. Mzee alikuwa amepigwa na kiharusi miaka minne nyuma. Upande mmoja wa mwili wake haukufanya kazi, na alilala kwenye kitanda cha chini ili mkewe aweze kumgeuza bila kumwangusha. Tupokigwe alikipenda kiwanja kile kuliko watu wengi. Katika maisha yake yote hakuwahi kukalia kiti ambacho kiliwekwa mahali kwa ajili yake, mtu asiyejulikana, apumzishe miguu tu. Kila alipokwenda kuchukua dawa za mumewe alikaa benchi la mwisho, dakika chache, mikono mapajani, kisha akateremka nyumbani.

Mwezi wa kumi na mbili, siku ya soko, saa nane mchana, alikuwa pale. Alikuwa na dawa kwenye kikapu. Mvua ikaanza, naye akakimbilia kibandani pamoja na wengine. Ilinyesha kama inavyonyesha kwao kila mwaka. Watu walisimama wakitazama maji yakiteleza juu ya matofali, safi, bila tope, yakiondoka haraka kama yametumwa.

"Tazameni," Tupokigwe aliwaambia waliokuwa karibu naye. "Zamani hapa tungekuwa tunaogelea. Sasa hata kiatu hakilowi."

Wakakubali, wakamsifu msanifu. Kisha mwanamke mmoja akauliza, kwa kuuliza tu, "Lakini haya yote yanakwenda wapi?"

Tupokigwe aliweka kikapu chini na kukimbia.

Alikuta mlango umesukumwa ndani. Maji yalikuwa yamefika usawa wa godoro na yalikuwa yanapanda. Mzee Asajile alikuwa ameshika nguzo ya ukuta kwa mkono wake mmoja mzima, kichwa amekiinua, meno yameuma shuka. Hakuweza kupiga kelele, maana kiharusi kilikuwa kimeuchukua ulimi pia. Tupokigwe alimbeba mgongoni kama anavyobebwa mtoto, akatoka naye, akamweka chini ya mgomba mpaka majirani walipofika. Mzee alinusurika kuzama. Lakini baridi ilikuwa imeingia kifuani, na siku ya kumi na mbili akafariki kwa homa ya mapafu.

Muuguzi alimwandikia Ambakisye barua. Hakumlaumu. Alimweleza tu mambo yalivyokuwa, kwa mpangilio, kama anavyoandika habari za mgonjwa. Ambakisye alisoma, akapanda gari siku ileile. Alikuta matanga hayajaanuliwa. Akateremka ile njia ya mteremko kwa mara ya kwanza, akishika majani ili asianguke, na alipofika chini akageuka kutazama alikotoka. Kutoka pale aliona jambo ambalo mchoro wake haukuwa nalo: mji mzima ulikuwa umeinamia nyumba ile.

Waombolezaji walimjua, wakampisha. Alipiga magoti mbele ya Tupokigwe. Alingoja atukanwe. Ingekuwa nafuu kwake.

Mama yule alimtazama. "Kiwanja chako ni kizuri, mwanangu," alisema. "Mimi mwenyewe nilikuwa nakaa pale. Ila ulikichora kana kwamba watu wanaishia kwenye ukuta wake."

Akageukia wageni wengine.

Asubuhi yake Ambakisye alikwenda kwa mwenyekiti wa halmashauri, akaomba matofali ya upande wa chini yang'olewe na shimo lifukuliwe.

"Bwana Ambakisye," alisema mwenyekiti, "msiba umekuumiza, na sisi pia umetuumiza. Lakini mvua ile ilikuwa ya ajabu."

"Haikuwa ya ajabu, mwenyekiti. Ilikuwa ya kila mwaka. Wa ajabu ni mimi, niliyepima kiwanja wakati wa kiangazi."

"Na watu wanakipenda. Unataka tuwarudishie vyura?"

Wakajadili, na mwenyekiti, ambaye naye hakuwa mtu mbaya, akatoa wazo lililoonekana la busara. Uchimbwe mfereji. Maji yapitishwe kando ya nyumba ya mjane, yaende zake. Kiwanja kibaki kilivyo. Ambakisye alilipenda wazo lile; nawaambia kweli, lilimpa pumzi. Karibu atie saini. Lakini maneno ya yule mama yalikuwa bado yanamchoma, akasema, "Nipeni siku moja."

Siku ile aliifuata njia ya mfereji kwa miguu, kabla haujachimbwa. Alipita nyumba ya Tupokigwe. Chini yake akakuta nyumba nyingine, ya wazee wawili wafuga nguruwe. Chini ya hiyo, vyoo vya shule. Chini ya vyoo, kisima cha maji ya kunywa ambacho mitaa miwili ilikitegemea, na wanawake wamepanga ndoo. Alisimama pale, akawasalimu, wakamwitikia na kumuuliza kama amepotea. Akasema hapana. Akapanda kurudi.

"Mfereji hautaondoa maji," alimwambia mwenyekiti. "Utabadilisha tu jina la marehemu."

Halmashauri haikukubali, na haikukataa pia. Ilisema itakaa. Mvua kubwa zaidi zilikuwa zinakuja mwezi wa tatu, na vikao havina haraka. Basi Ambakisye akaazima mtaimbo, akaenda kiwanjani mchana kweupe mbele ya watu wote, akaanza kung'oa matofali aliyoyapanga mwenyewe. Watu walikusanyika. Wengine walidhani amerukwa na akili. Bibi harusi mmoja aliyekuja kupiga picha alilia. Walinzi wa soko walimshika mikono, kisha wakamwachia, kwa sababu hakushindana nao. Alisubiri tu waondoke, akaendelea.

Siku ya tatu Tupokigwe alipanda na jembe. Watu wakapisha. Hakumsalimia Ambakisye wala hakumwambia kwamba amemsamehe. Alitafuta mahali ambapo kifusi kilikuwa kimelegea, akaanza kuchimba. Walifanya kazi hivyo mpaka jioni, wamepeana mgongo, kila mmoja na pumzi zake. Kesho yake wachukuzi wa mizigo wa sokoni wakaja na matoroli. Baada ya wiki moja muuguzi alikuja na wenzake wakati wa mapumziko. Mwenyekiti alipoona hivyo alituma koleo sita na barua ya ruhusa, iliyoandikwa tarehe ya nyuma.

Hawakurudisha shimo kama lilivyokuwa. Walilipanua, wakalipa kingo zenye mteremko wa taratibu ambazo mtu mzima anaweza kushuka. Wakapanda matete, na pembeni magimbi na miti inayovumilia maji. Matofali yaliyobaki upande wa juu yaliachanishwa, na kati yake ikapandwa nyasi ili ardhi ipate kunywa. Mabenchi yakahamishwa. Kibanda kikabaki.

Kwa mwaka mzima kiwanja kilikuwa kibaya. Udongo ulikuwa wazi, miche ilikuwa imeinama, mbu walilalamikiwa hadi vyura walipoongezeka, kisha vyura nao wakalalamikiwa. Maharusi walikwenda kupiga picha kwingine. Wageni wa wilaya nyingine hawakuja tena, na mahoteli yaliyokuwa yakimwita Ambakisye yalisikia kwamba anavunja kazi zake mwenyewe, yakatafuta msanifu mwingine. Alipanga chumba karibu na soko. Kila wingu lilipokusanyika alichukua mwavuli akateremka, akasimama kwenye mlango wa Tupokigwe, kwenye mlango wa wazee wa nguruwe, kwenye vyoo vya shule, hadi kisimani, akitazama.

Mwaka wa pili, mwezi wa tatu, mvua ilinyesha siku mbili bila kupumzika. Maji yalitoka kwenye mapaa na barabarani, yakaja shimoni, yakatulia. Yalikaa pale siku nne, kimya, yakizama ardhini polepole. Ambakisye alipofika kwa Tupokigwe alimkuta anachambua maharage barazani. Sakafu ilikuwa kavu.

"Huku kwenu hali ikoje, mama?" aliuliza.

"Huku?" alisema. "Huku hakuna habari."

Akamsogezea kigoda. Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa Ambakisye tangu msiba, na kile kigoda kilikuwa cha marehemu. Ambakisye alikaa. Kutoka chini kule kisima kilisikika, ndoo zikigongana na wanawake wakicheka, na hakuna hata mmoja kati yao aliyejua kwamba siku ile alikuwa ameepushwa na lolote. Hakuna aliyempongeza msanifu, kwa kuwa hakuna kilichotokea.

Ndugu zangu, sisi sote tumekabidhiwa mahali ambapo watu wengine watapita. Mwingine amekabidhiwa darasa, mwingine nyumba na watoto, mwingine ofisi, mwingine mimbari kama hii ninayosimama mimi. Tunapanga, tunasafisha, tunafukia kinachotutia aibu, na wanaosimama pamoja nasi juu wanatusifu, nao hawasemi uongo. Basi kila mmoja aondoke na swali hili, aende kulijibu kwa miguu yake na si kwa mdomo: maji ya kazi yangu yanaishia mlangoni kwa nani?