Miduara Iliyokorogwa

Kaeni vizuri, maana leo nawapa kemia. Ndiyo, mimi! Mzee Mrutu, usinitazame hivyo. Mimi na shule tuliachana nikiwa kidato cha pili, na mpaka leo naamini aliyepata hasara ni shule. Wenye shahada zao wangewasomea karatasi mkalala. Mimi nawaletea sahani, na hapa halali mtu.

Alikuwapo binti mmoja wa sekondari, baba yake muuza chai wa stendi. Shuleni kwao kukawa na maonyesho ya sayansi, na mshindi mmoja tu ndiye angesomeshwa bure mpaka amalize. Kwa binti huyu mlango ulikuwa huo huo mmoja. Birika la baba yake lilikuwa limemvuta mpaka pale, mbele halikuwa na nguvu tena.

Basi akachanganya dawa alizofundishwa na mwalimu wake, akazimimina kwenye sahani ya kioo, kidogo tu, za kufunika chini. Zikatulia, nyekundu tupu. Mara katikati pakachomoza kitone cha buluu. Hakuna aliyekigusa! Kitone kikawa mduara, mduara ukatanuka, ndani yake ukazaliwa mwingine, na mwingine, kama mtu katupa kokoto bwawani. Ila mawimbi ya bwawani yakikutana yanapitana. Haya yakikutana yanafutana, kila moja linaishia pale pale. Nani kati yenu amewahi kuona kitu hicho? Mama Nakiete, shusha mkono, wewe hujaona.

Akaja mgeni aliyealikwa kuchagua mshindi, bwana mmoja wa suti na miwani. Akainama, akatazama, akachekea puani.

"Umechora vizuri, binti. Hii ni rangi ya kutilia vitambaa?"

"Sijachora, mheshimiwa. Inajichora yenyewe."

"Inajichora! Na kesho itajipeleka sokoni? Mimi sitoi nafasi kwa kiinimacho."

Akageuka kwenda meza ya pili. Binti akabaki na sahani yake. Angemwonyesha nini tena? Kweli miduara ile ilikuwa mizuri mno, kama imechorwa na fundi.

Sasa baba mtu alikuwa amesimama pale pale. Na muuza chai akiona kitu chekundu kimejigawa gawa ndani ya chombo, anafanya nini? Semeni! Anakoroga! Hata umfunge mikono, atakoroga kwa kiwiko.

"Mwanangu, imejitenga hii, ndiyo maana mheshimiwa hakuielewa," akasema. "Ngoja niiweke sawa."

Akanyakua kijiti cha kioo pale mezani, akazungusha kwa ufundi wake wote.

"Baba! Umeniua!"

Sahani nzima ikawa rangi moja. Miduara yote imekwenda. Mzee naye akaona amekosea, sasa afanye nini?

"Au nikoroge kurudi nyuma?"

"Usiguse, baba! Toa mkono, nakuomba!"

Yule bwana akageuka aone kelele ni za nini. Akakuta wekundu mtupu. Akaanza kutabasamu, lile tabasamu la "nilijua tu." Halijamfika masikioni, pembeni mwa sahani pakachomoza kitone cha buluu. Kikawa mduara. Huku kingine. Miduara ikatanuka, mipya kabisa, wala haikukaa pale ilipokuwa mwanzo.

Bwana akavua miwani.

"Rangi ya kuchora ikikorogwa hairudi," akasema polepole. "Binti, nisamehe. Nafasi ni yako. Nani aliyekoroga?"

"Baba yangu."

"Mzee, umemwokoa mwanao!"

"Mimi?" mzee akasema. "Mimi nilifuata mazoea ya chai tu, mheshimiwa!"

Haya, mmemcheka vya kutosha. Sasa nawageukia ninyi. Sisi, ndugu zangu, tuna miduara ya aina gani? Maana Jumapili tumependeza! Kitenge kimepigwa pasi, haleluya iko mahali pake, kwaya inayumba upande mmoja wote. Jumatatu jirani anamwaga maji ya vyombo mlangoni pako. Kakukoroga mara moja tu! Na wewe unabaki rangi moja mpaka Jumapili nyingine, na rangi yenyewe ni ya matusi. Kwa nini? Kwa sababu tulichora juu. Ndani hatukutia kitu.

Halafu tunalia: "Bwana, mbona umeacha nikorogwe?" Umejiuliza nani alikuwa anakupa mgongo? Pengine ni shemeji yako, yule asiyekanyaga kanisani, anayeamini wokovu wako ni kiinimacho. Uzuri wako haujawahi kumshawishi. Yeye anangoja akuone umevurugwa, halafu aone kinachochomoza.

Kwa hiyo wiki hii ukikorogwa, na utakorogwa, wengine na wake zenu leo leo kabla ya chakula, usikimbilie kujichora upya. Tulia. Kama Kristo yumo ndani, kitone kitachomoza chenyewe, na aliyekupa mgongo atageuka. Na kama umetulia na hakichomozi kitu, usimlaumu aliyekoroga. Njoo hapa mbele, sasa hivi, mbele ya Mzee Mrutu na wote, tumwombe Mungu akuchanganye kuanzia mwanzo.