Makombo ya Mbuzi Wako

"Makombo ya mbuzi wako hayadai asante." Mmenisikia asubuhi nikimwambia jirani maneno hayo, na sasa mnaniuliza nimeyatoa wapi. Hayakutoka mbali, wajukuu zangu. Yalizaliwa kinywani mwa mama yangu mzazi, na mimi ndiye niliyemfanya ayatamke.

Baba yangu, Malogo, alifariki nikiwa na miaka saba. Hata matanga hayajaanuliwa, mdogo wake Chibago alikuja akafungua zizi, akawaswaga mbuzi wetu wote mpaka kwake. "Shemeji," alimwambia mama, "utawachungaje peke yako? Nakutunzia tu." Mbuzi wale mama ndiye aliyewakuza. Majike wawili wa kwanza alipewa na baba yake siku ya kuolewa, wakazaana hadi zizi likajaa.

Chibago alikuwa na jiko la nyama choma mnadani. Kila Jumamosi alichinja. Jioni, wateja wakishatawanyika, alikusanya vilivyobaki juu ya gogo la kukatia: ncha za mbavu zilizoungua, vipande vya mafuta, mishipa iliyowashinda watu kutafuna. Alivifunga kwenye gazeti akatuletea.

Mama alivikatakata vidogo vidogo, akavikaanga na kitunguu mpaka mafuta yakatoka, ndipo akamimina maharage aliyoyachemsha tangu mchana. Nyumba nzima ilinukia nyama. Mimi na kaka yangu Mazengo tulichovya ugali wa uwele tukisaka vinofu kwa vidole. Mama hakusaka. Kila alichokikuta upande wake alikisogeza upande wetu.

"Kesho mpitie kwa baba yenu mdogo mkamshukuru," alituagiza kila mara. Hakutaka tukue tukimchukia ndugu wa baba yetu.

Mwaka wa pili mvua ikakatika, mtama ukakaukia shambani. Mama akaomba apewe mbuzi wawili tu, awabadilishe kwa nafaka. Chibago akakataa. Ndipo mama alipompeleka mbele ya wazee wa ukoo, uani kwa Mzee Ndahani.

Mama alieleza yake yote. Chibago hakubisha kwa ukali. Alisema kwa upole, "Wazee wangu, watoto wa marehemu nawalisha mimi. Kama naongopa, mtoto huyo hapo. Muulizeni."

Mzee Ndahani akaniita. "Sechelela, mjukuu wangu, nani huwaletea nyama nyumbani?"

"Baba mdogo."

"Mara ngapi?"

"Kila Jumamosi. Maharage yetu huwa matamu sana." Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimefundishwa adabu, nikamgeukia Chibago nikapiga goti. "Asante, baba mdogo."

Wazee wakanong'onezana, nyuso zimekunjuka. Mama akasimama.

"Mwanangu hajasema uongo," alisema. "Lakini mnofu wanakula watu wa mnadani, sisi tunaletewa kilichowashinda. Na mbuzi ni wangu! Wazee, makombo ya mbuzi wako hayadai asante."

"Kaa chini, Mbeleje," Mzee Ndahani akamkatiza. "Mtoto mdogo anajua kushukuru, wewe mtu mzima unanung'unika."

Shauri likaishia hapo. Mbuzi wakabaki kwa Chibago.

Tukiwa njiani nilimuuliza mama kama nimekosa. Akanijibu, "Hukukosa wewe. Nilikufundisha vibaya."

Jumamosi iliyofuata Chibago alileta kifurushi chake kama kawaida. Nilidhani mama atakitupa. Hakukitupa, tulikuwa na njaa. Alikikata, akakikaanga, akamimina maharage, tukala. Ila kesho yake hakututuma kwenda kushukuru, wala hakututuma tena. Chibago alipotambua hivyo, aliacha kuleta. Mbuzi waliisha mmoja mmoja jikoni mwake, na mama aliingia kaburini bila kurudishiwa hata mwanambuzi.

Waliokuwapo uani siku ile waliyabeba maneno yake, wengine wakiyacheka. Leo yanasemwa na watu wasiomjua Mbeleje. Mimi siyacheki. Mtu akikunyang'anya chako, kisha akakurushia kipande, ukiwa na njaa kipokee ule. Usimpigie goti. Makombo ya mbuzi wako hayadai asante.