Kamba za Mzee Ntinginya

Heri kamba ikatikie uani kuliko mtini. Mnaitamka kama kasuku, kisha mnaniuliza imetoka wapi. Basi tulieni, maana methali hii ilianza kwa msiba.

Huko Unyamwezi, Mzee Ntinginya alisokota kamba za magome, ambazo warina asali huzitumia kupandia miti mirefu yenye mizinga. Msimu mmoja mwanawe wa pekee, Mihayo, alipanda kwa kamba iliyosokotwa jana yake. Ikakatika. Baada ya matanga, mama Mihayo alirudi kwao. Hakuweza kuishi na mtu anayeendelea kusokota kamba. Mzee akabaki peke yake, hata wa kumshikia maji ya kunawa hana.

Tangu hapo hakumpa mtu kamba mpya. Kila moja aliitundika kwenye boriti uani, akaifunga gogo zito kuliko mtu, akaiacha siku tatu. Alikuwa amegundua kwamba kamba yenye gome bovu ndani hukatika siku za mwanzo. Ikivuka siku ya tatu, huzeeka pamoja na mwenye nayo. Magogo yakawa yanaanguka kwa kishindo, na majirani wakaacha kupita pale. Walisema mzee anachezea kifo cha mwanawe. Ilimuuma sana, na hakuwa na wa kumwambia.

Siku moja mpwawe, Mayunga, alikuja mbio, akaikuta kamba yenye siku mbili tu.

"Mjomba, nipe hii. Asali imeiva, wenzangu wameshaingia porini."

"Kesho, mpwa wangu."

"Kesho, kesho! Ndiyo maana watu wamekukimbia!"

Machozi yalimlenga mzee. Mayunga akasogea alifungue gogo mwenyewe. Kabla hajaligusa, kamba ikakatika, gogo likaanguka hatua moja mbele yake.

"Ningekuwa juu..." kijana alisema.

"Mihayo naye aliniambia asali imeiva. Nami nikampa." Mzee aliinama, akaokota kipande cha kamba. "Heri kamba ikatikie uani kuliko mtini."

Mayunga akaomba radhi, akakaa kungoja nyingine. Kwa siku tatu mzee alipika ugali wa watu wawili. Siku ya nne kamba ilikuwa nzima. Kijana akaaga, akaenda zake.

Warina asali wote wakajifunza kungoja, na hakuna aliyeanguka tena. Ila mama Mihayo hakurudi. Kwa hiyo mkiisema, isemeni taratibu: heri kamba ikatikie uani kuliko mtini.